Baba Mdogo Hakusahau Kitu

Siku ya pili ya msiba wa jirani yetu mmoja, Magomeni, Baba Mdogo aliinuka kwenye viti vya wanaume chini ya turubai, akavua viatu, akaingia chumba cha wanawake bila hodi. Alipita katikati ya mikeka mpaka kwa mjane. Akasema, kwa sauti ile ile anayoagizia chai: "Marehemu ameondoka na laki mbili na nusu yangu. Nilimpa Jumamosi, tarehe 9 Machi, alikuwa amevaa shati la bluu lenye mfuko mmoja. Deni hili sasa nani atalilipa?" Kisha akauliza pilau itaiva saa ngapi.

Kuna waliocheka. Walidhani ni mtani. Si mnajua misiba yetu, mtani anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Lakini utani una wenyewe, na sisi na familia ile hatuna utani wowote, si wa kabila wala wa ukoo. Mjane alilijua hilo. Alimtazama Baba Mdogo kidogo, akajifunika kanga uso mzima.

Baadaye mtoto wa marehemu alituambia deni lilikuwa la kweli. Hata shati lilikuwepo.

Mtu huyu ndiye aliyekuwa mshenga wa ukoo wetu. Posa ya kaka yangu ilipokataliwa Tandika, yeye ndiye aliyekwenda kuifufua, peke yake, na kanzu yake na kikohozi chake cha kuombea radhi. Alikuwa na sikio la ajabu kwa mambo yasiyosemwa. "Chai ikija bila kitafunio," alikuwa akituambia, "jua jibu limeshatoka, ondokeni kabla hamjaambiwa." Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeingia kwenye mikeka ya wafiwa akiwa na soksi.

Nikirudisha mawazo nyuma, mambo yalianza kama miaka mitatu kabla ya msiba ule, yeye akiwa na miaka 54. Alianza na sukari. Visheti, kashata, soda tatu kwa siku, yeye ambaye zamani chai alikunywa ya rangi na tangawizi tu. Halafu yakaja mabasi ya mwendokasi. Kila alfajiri alikwenda kusimama jirani na kituo cha Magomeni Mapipa akihesabu mabasi na kuandika namba kwenye daftari la hesabu, na mvua ikinyesha alihesabu hivyo hivyo. Kazi yake ya uhasibu kwenye kampuni ya wakala wa forodha ilimponyoka baada ya kumwambia mteja, mbele ya mkewe, kwamba amenenepa kama kontena la futi 40. Mama mkwe wake alipofariki, Mama Mdogo alipomletea habari, alisema "Sawa," akaongeza sauti ya televisheni.

Watu hawakosi maelezo. Ana kiburi cha pesa. Katupiwa kitu. Kapata kimwana, huyo ndiye anayemlisha dawa. Mama Mdogo alikesha siku kadhaa akipekua simu yake akitafuta namba za wanawake, akakuta picha za mabasi.

Tukampeleka hospitali, moja ya hapa mjini, siitaji. Daktari alimuuliza leo tarehe ngapi, siku gani, tuko mkoa gani, rais ni nani. Akampa maneno matatu ayakumbuke, akamwambia atoe saba kwenye mia, kisha saba nyingine, kisha nyingine. Mhasibu! Alishuka kutoka mia mpaka mbili bila kupepesa, akayarudisha maneno yote matatu, na kabla ya kuondoka akamsahihisha daktari: tarehe aliyoandika kwenye faili ilikuwa ya jana. Tukaambiwa huyu hana ugonjwa wa kusahau. Ana msongo wa mawazo. Tukarudi na chupa ya vitamini.

Na kweli, ugonjwa wa kusahau hakuwa nao. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo mniwie radhi nikilinung'unikia jina. Tumeuita ugonjwa wa kusahau, wengine wanasema kusahausahau kwa uzeeni, wengine utoto wa pili, na jina limetufunga macho: asiyesahau si mgonjwa. Demensia si ugonjwa mmoja. Ni hali inayoletwa na magonjwa mengi ya ubongo, na ule wa Alzheimer, unaochukua kama asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote, ndio huanza mara nyingi na kumbukumbu. Mara nyingi, si kila mara. Mgonjwa yule wa kwanza kabisa, Auguste Deter, aliyelazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51, dalili ya mwanzo aliyoiandika daktari Alois Alzheimer haikuwa kusahau. Ilikuwa wivu. Alianza kumwonea mumewe wivu mkali. Nilipolisoma hilo nilikaa nikimfikiria yule mume: siku hizo za mwanzo naye alidhani ana shida ya ndoa, kama Mama Mdogo na simu yake.

Daktari wa pili tulimpata baada ya miezi mingi. Huyu hakumuuliza Baba Mdogo tarehe. Alimgeukia Mama Mdogo: "Ukilia, anafanyaje?"

Mama Mdogo alifikiri. "Ananiangalia. Halafu anauliza chakula."

"Na zamani?"

Hapo ndipo alipolia. Na Baba Mdogo, mbele yetu sote, alimwangalia, kisha akauliza tutaondoka saa ngapi.

Picha ya ubongo ilionyesha kilichotarajiwa: sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, na ile ya ubavuni usawa wa masikio, zilikuwa zimesinyaa. Ni aina ya demensia ambayo daktari Arnold Pick alianza kuielezea huko Prague mwaka 1892, kabla hata ya Alzheimer na mgonjwa wake. Huwapata watu wengi wakiwa kati ya miaka 45 na 65, umri wa kulipa ada na kusimamia harusi, ndiyo maana huitwa kiburi, ulevi au uchawi kabla ya kuitwa ugonjwa. Kumbukumbu inaweza kubaki nzima kwa miaka. Kinachoondoka ni kile ambacho watafiti wanakiita utambuzi wa kijamii, na kwetu tungesema tu kumsoma mtu: kuona uso ukajua moyo, kusikia neno ukajua lililo nyuma yake, kuingia mahali ukajua hapa pana msiba.

Nilidhani jambo hilo limejulikana siku zote. Kumbe ni mwaka 2013 tu ndipo mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano, ulipoliweka kuwa moja ya nyanja sita za kupima pale akili inapopungua, sambamba na kumbukumbu, lugha na umakini. Waliokuwa wakilipima walikuwepo zamani, na vipimo vyao ninavipenda kwa sababu vinafanana na michezo. Kuna kile cha mwaka 1983, cha watafiti wawili wa Austria, Wimmer na Perner, walichokitunga kwa ajili ya watoto: mtoto anaweka chokoleti kwenye kabati, anatoka kucheza, mama yake anaihamishia kabati lingine. Akirudi ataitafuta wapi? Ukijibu pale alipoiweka, basi unajua kwamba kichwa cha mwenzako kina habari zake, tofauti na zako. Watoto wengi huanza kupatia wakiwa na miaka minne hivi. Kuna kingine cha picha 36 za macho tu, bila pua wala mdomo, ukisie mwenye macho anahisi nini. Na kuna cha video, kilichotengenezwa Australia, ambapo waigizaji wanasema maneno yale yale, mara kwa dhati, mara kwa kejeli, nawe useme ni lipi.

Kipimo hicho cha mwisho kilinichekesha. Watu wa pwani hatuhitaji video. "Umependeza kweli leo!" Mtoto wa darasa la tatu Kariakoo anajua lini hiyo ni sifa na lini ni kijembe. Lakini wagonjwa wa aina ya Baba Mdogo hushindwa hapo mapema kabisa. Neno wanalisikia, mkato wa sauti hauwafikii. Hata kwenye picha za nyuso, furaha huitambua muda mrefu zaidi. Zinazowaponyoka ni hasira, hofu, huzuni, kinyaa.

Swali la Mama Mdogo lilikuwa moja, na alilirudia kila tulipokutana: "Haoni, au hajali?" Aliliuliza kama mtu anayepima adhabu. Kama haoni, atamsamehe. Kama hajali, hapana.

Nilisoma nikitafuta jibu la kumpa. Watafiti wenyewe hutenganisha mambo hayo mawili, kujua mtu anahisi nini na kuguswa na anachohisi, na katika ugonjwa huu yote mawili huharibika, si lazima kwa kiwango kimoja. Baba Mdogo ukimuuliza "Mkeo anafanya nini?" anajibu "Analia." Hajakosea. Ila hakuna kinachomsukuma kuinuka. Mwaka 2006 kundi la William Seeley, California, lilionyesha kwamba ugonjwa huu hushambulia kwanza seli fulani kubwa zenye umbo la kijiti cha kusokotea uzi, zinazoitwa kwa jina la von Economo, ambazo wanadamu tunazo kwa wingi katika sehemu mbili za mbele za ubongo. Tembo nao wanazo, na nyangumi, na sokwe. Moja ya sehemu hizo, insula, ndiyo inayopokea habari za mwili wako mwenyewe: moyo unavyodunda, tumbo linavyojikunja.

Hapo mwalimu wa Kiswahili akaamka ndani yangu. Si ndiko tulikoziweka hisia sisi? Roho inaniuma. Tumbo joto. Kanikata maini. Kanitia nyongo. Moyo umenipasuka. Hatusemi nimehuzunika tukaishia hapo, tunasema ni kiungo gani kimepatwa. Nilimwambia Mama Mdogo: fikiria mtu ambaye maini yake hayakatiki tena. Anaona kisu, anakitambua kuwa ni kisu, lakini hakimfikii. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Basi ni afadhali angesahau jina langu." Sikuwa na la kumjibu.

Sina budi sasa nimlete Mama, maana nyumbani kwangu kuna huyo mwingine, na laiti ningekuwa na mmoja tu nisingeona kitu.

Mama ana miaka 76. Kwa zaidi ya miaka 30 aliuza kanga Kariakoo, na sasa jina langu hulijua siku za Mwenyezi Mungu tu. Siku nyingine mimi ni dada yake aliyefariki, siku nyingine ni "huyu binti". Wake ni Alzheimer. Amesahau aliishi wapi, amesahau kwamba amekula, anaficha pochi kwenye pipa la unga na kutusingizia wizi. Lakini nikiingia nyumbani nimenuna, kabla sijasema neno, ananiuliza: "Nani kakuudhi?"

Jambo hili lilinitesa kabla sijalielewa. Baba yetu alifariki mwaka 2011. Kila Magharibi Mama huuliza, "Baba yenu mbona harudi?" Mwanzoni nilimwambia ukweli. Alilia kama siku ya kwanza, alirusha kanga, aliniuliza kwa nini hatukumwambia. Baada ya robo saa ameshasahau niliyosema, lakini usiku mzima hakulala, alizunguka nyumba akitafuta kitu, mikono inatetemeka, akisema moyo wake mzito na hajui una nini. Habari ilikwenda, uchungu ukabaki bila mwenyewe.

Hilo limepimwa. Mwaka 1911 daktari Claparède wa Geneva alificha pini mkononi akampa mkono mgonjwa wake mmoja asiyeweza kukumbuka chochote kipya. Ilimchoma. Alipomrudia baadaye hakumtambua hata kidogo, ila mkono alikataa kumpa. (Daktari huyo angejaribu Kariakoo angekula kibao.) Kisha mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, wakawaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer na wazima 17 vipande vya filamu za kuhuzunisha, halafu za kufurahisha. Baada ya dakika chache waliwauliza walichoona. Wagonjwa wengi karibu hawakukumbuka kitu. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, huzuni ilikuwa bado imo, mpaka nusu saa baadaye. Na lililonikaba koo ni hili: waliokumbuka kidogo zaidi ndio waliokaa na huzuni muda mrefu zaidi. Ni kama mtu anayejua kwa nini analia ana mahali pa kuyaweka machozi, na asiyejua hana.

Siku hizi akiuliza Baba yuko wapi, namuuliza, "Akirudi atapenda ale nini?" Hapo hunieleza samaki changu wa nazi, namna nazi inavyochujwa mara mbili, na kwamba Baba hapendi ndimu nyingi. Analala vizuri. Kaka yangu anasema huo ni uongo na kumdanganya mzazi ni dhambi. Tumegombana kwa hilo, na tutagombana tena Ramadhani ikifika. Mimi namwambia njoo ulale hapa siku tatu, useme huo ukweli mwenyewe.

Kuna utafiti mwingine, wa California, 2013, wa watu 237: wazima, wenye dalili za mwanzo, na wenye Alzheimer. Ulionyesha kwamba kadiri ugonjwa unavyosonga mbele ndivyo mtu anavyozidi kuambukizwa hisia za aliye karibu naye. Anaambukizwa, sisemi anazielewa. Mizani iliyokuwa ikimwambia "hasira hii si yako" inalegea, na hasira ya mwenzake inaingia kama mafua. Nilipousoma nilimkumbuka dada wa kazi aliyekuwa kwetu mwaka juzi. Hakuwahi kumpiga Mama, hakumtukana, ila alimwogesha akiwa na haraka, taya limebana. Mama alikuwa akishinda mchana kutwa amekasirika na kila mtu, mpaka na redio. Aliyepo sasa huimba anapomwagia maji. Mambo ni yale yale, ndoo ile ile.

Kwa hiyo nikishuka kwenye daladala nimebanwa kutoka Mbagala, jasho na matusi ya kondakta vikiwa bado mwilini, siingii ndani moja kwa moja. Nakaa kwa Mangi dakika kumi, nakunywa maji, nasikiliza watu wakibishana mpira. Mangi ameshazoea. Majirani wanadhani nina mume wa pili.

Isije ikaonekana ninamsifu Mama na kumshusha Baba Mdogo. Alzheimer nayo hula kote mwishowe, na vipimo vya kumsoma mtu huwashinda wagonjwa hao pia, hasa vile virefu ambapo kufika katikati ya hadithi umeshasahau mwanzo wake. Ila mwanzoni na katikati, tofauti huwa kubwa hivi, na katika nyumba yetu ilikaa kwenye makochi mawili yanayotazamana.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ni sisi hao. Hapa Tanzania utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, ukaona kiwango cha asilimia 6.4 baada ya kurekebisha umri. Kutoka kazi hiyo ya Hai kilizaliwa kipimo kifupi kinachowafaa wazee ambao hawakusoma. Badala ya kumwambia bibi ambaye hajawahi kushika kalamu achore mchoro, anapewa njiti za kiberiti, unapanga umbo, naye anapanga lake. Nimelipenda hilo kuliko nadharia zote. Njiti za kiberiti kila bibi anazijua.

Ninachotamani ni njiti za kiberiti za moyo. Zile picha za nyuso zinazotumika sana kwenye vipimo ni nyuso za Wazungu, na wazo lililo nyuma yake, kwamba kuna hisia sita ambazo uso wowote utazionyesha sawasawa popote duniani, limepigwa vita. Mwaka 2014 watafiti waliwapelekea Wahimba wa Namibia picha wazipange makundi kwa hisia. Hawakuzipanga walivyotarajiwa. Tena mara nyingi walitaja kitendo, si hisia: huyu anacheka, huyu anatazama. Kazi ya namna hiyo ilifanywa na hapa kwetu, kwa Wahadzabe, ikachapishwa mwaka 2020, na huko nako picha hazikusomeka kama ilivyozoeleka Marekani. Sasa mzee wa Mbagala akishindwa picha ya Mmarekani aliyekunja pua, tumepima ubongo wake au tumepima kama anamjua Mmarekani?

Basi nikafanya ujinga wangu. Si utafiti, msije mkaninukuu. Nilitoa kanga mbili kwenye sanduku la Mama, nikampa kila mmoja kisa kile kile: bibi mmoja Buguruni alisikia mke mwenzie anajenga. Kesho yake akaanika kanga dirishani, upande wa mwenzie, imeandikwa *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Alikuwa anasema nini?

Mama alicheka mpaka akapaliwa. "Mshenzi huyo! Anamwambia mwenzie pesa hizo ni za mume, si zako! Na angeanika *Naogopa simba na meno yake*, mwenzie angempiga." Macho yaling'aa, alikuwa yuko dukani. Baada ya dakika tano nilimuuliza kuhusu yule bibi wa Buguruni. Bibi gani? Lakini alibaki akitabasamu mpaka chakula cha usiku.

Baba Mdogo aliishika kanga akasoma jina lake kwa sauti, akaigeuza. "Nyota haisafiriwi," alisema. "Hii doti moja sasa hivi bei gani?" Kisha, bila kuulizwa, akanikumbusha mwaka ambao Mama aliniuzia mimi doti kama hii, na kiasi nilichobakiza kulipa.

Wageni ndio wanaotusumbua zaidi, kwa nia njema kabisa. Mgeni anaingia, "Shikamoo Mama." "Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Watoto je? Wazee?" Salamu yetu ni ndefu na imejipanga, Mama anaweza kwenda nayo hatua kumi bila kujua anaongea na nani. Mgeni anatoka anasema mbona mzima tu, mnamzulia. Kwa Baba Mdogo ni kinyume. Anatembea, anasoma gazeti, anapiga hesabu, lakini ukimpa shikamoo anakutazama kama uliyekosea namba. Watu wanaondoka wamekasirika. Mama anaonewa huruma. Yeye hakuna anayemwombea dua.

Wala mkewe haombewi. Watafiti wa Sydney waliliandika hilo mwaka 2013: wanaowatunza wagonjwa waliopoteza huruma huumia, na uhusiano wenyewe huchakaa, kwa namna ambayo kusahau peke yake hakuleti. Mama Mdogo hakuhitaji kuambiwa na Sydney. Mumewe hajamshukuru kwa sahani hata moja kwa miaka minne. Aliwahi kulazwa kwa homa ya dengi siku tano, na siku alipotoka, neno la kwanza alilolisikia mlangoni ni kwamba gesi imeisha. Shemeji zake wanamwambia avumilie, ndoa ni uvumilivu. Nimemwona anavyolipokea hilo neno. Kuna dawa za kupunguza baadhi ya vurugu, daktari alitueleza. Ya kuurudisha ubongo uliosinyaa haipo. Kinachomsaidia ni ratiba: saa za kula zile zile, pesa zisikae karibu, sukari ifungiwe, na kijana wa jirani anayekwenda naye kuhesabu mabasi. Kijana analipwa. Juzi niliwakuta wote wawili wana madaftari.

Idd iliyopita walikuja kwetu. Tuliwakalisha Mama na Baba Mdogo barazani kwenye mkeka mmoja, kila mtu na sahani yake ya pilau. Yeye alimtazama Mama akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Shemeji umezeeka sana. Meno yameisha." Kisha akataja jina lake kamili, la baba yake na la babu yake, mwaka aliozaliwa, na mahari aliyotolewa, shilingi na mbuzi. Yote sahihi. Mama alikuwa anamtazama mdomo tu.

Alipomaliza yake, Baba Mdogo alinyoosha mkono akaanza kula kwenye sahani ya Mama, nyama kwanza. Mama Mdogo aliinuka kumzuia, nami pia. Mama akatufukuza kwa mkono.

"Mwacheni," akasema. "Sijui katoka wapi huyu kijana, lakini ana njaa." Akamsogezea sahani yote.

"Na pilipili," alisema Baba Mdogo, hakuinua macho. Mama akaanza kupapasa mkekani akiitafuta.